Kiti Kilichosogezwa Kivulini

Kitendawili. Semeni "tega" basi, msinikodolee macho.

Kinaanzia mahali, kinateremka, kinakata kona, kinazunguka shamba zima bila kuinua mguu, kisha kinarudi pale pale kilipoanzia kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani. Ni nini?

Mmeshindwa. Nipeni mji. Na mkinipa mji, nipeni pamoja na maelezo yake: unaanzia wapi, unaelekea upande gani, unapakana na nani, na mto unapita nje yake au katikati ya sebule. Msione ninasumbua. Bi Mwajabu wa Mteremkoni, mwanamke mwema kabisa, alilijua jibu la kitendawili hiki, na baadaye akatamani angekuwa hajalijua. Jibu ni mpaka.

Sasa sikilizeni.

Palikuwa na nchi ambayo jina lake limo kwenye faili, na faili liko mezani kwa mtu aliyekwenda semina. Katika nchi hiyo hakuna jambo lililoanza bila mgeni rasmi. Choo cha shule hakikuingiwa mpaka mgeni rasmi akate utepe. Kulikuwa na daraja ambalo watu walilipita miaka nenda miaka rudi, lakini kwa kuwa halikuzinduliwa, wote waliovuka walihesabiwa kuwa bado wako ng'ambo, na watoto waliowazaa huku walihesabiwa kuwa wamezaliwa kule.

Basi Wizara ya Ardhi, Mipaka na Yaliyomo Ndani Yake ilipoamua kuipima nchi yote, wataalamu wake waliulizana swali gumu: ardhi inaanzia wapi? Wakaagiza chai, wakafikiri, wakapata jibu. Ardhi inaanzia pale anapokaa mgeni rasmi, kwani ingeanzia wapi tena? Bunge likapitisha Sheria ya Kiti. Wabunge waliipigia makofi kwanza, halafu ndipo ikasomwa, ili kuokoa muda.

Sheria ilisema hivi: katika kila kijiji, mgeni rasmi ataketi, na mahali zilipokaa miguu ya kiti chake ndipo patakuwa Mwanzo. Viwanja vyote vitahesabiwa kutoka hapo, cha kwanza, cha pili kinapoishia cha kwanza, na kuendelea hadi ardhi iishe au wapimaji wachoke.

*

Kule Mteremkoni, kiti cha wageni rasmi kilitunzwa na Bi Mwajabu. Ilikuwa kazi ya heshima. Alikifuta vumbi, alikikaza misumari, na mgongoni alikitandika kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake, chenye maua pembeni. Wakuu wengi walikuwa wameegemea maua yale, na wengine walisinzia juu yake.

Wapimaji walipofika walipangiwa kula kwa Bi Mwajabu. Mkubwa wao, Bwana Likwata, alikuwa kijana mpole mwenye darubini ya miguu mitatu, na alipenda mbaazi za nazi kuliko alivyoipenda kazi yake.

"Mwanangu," Bi Mwajabu alimwuliza siku moja akimpakulia, "hayo maelezo ya ardhi mnayoandika, mbona marefu hivyo? Si mngesema tu shamba la fulani, kila mtu akajua?"

Bwana Likwata alikitazama kitambaa alichokuwa akikifuma Bi Mwajabu, kilicholala kando. "Mama, wewe ukifuma unaanza na nini?"

"Natia fundo."

"Fundo hilo ndilo Mwanzo. Halafu?"

"Naelekea upande ninaoutaka."

"Huo ndio mwelekeo. Kaskazini, mashariki, digrii kadha. Halafu unakwenda mpaka wapi?"

"Mpaka nitosheke, nikate kona."

"Huo ni umbali, na kwenye kona sisi tunaweka jiwe, ndiyo alama yetu. Kisha tunataja majirani, upande huu yuko nani, upande ule yuko nani, maana mtu akibishana na jiwe, jirani atatoa ushahidi. Hivyo hivyo mpaka unarudi kwenye fundo. Usiporudi, kitambaa kinabaki mdomo wazi, na sisi tunasema hayo si maelezo, ni porojo."

"Na ukubwa wake?"

"Unasemwa mwisho. Halafu tunaongeza 'zaidi kidogo au pungufu kidogo', ili serikali isije ikaitwa mwongo."

Bi Mwajabu alicheka. Akamwongezea mbaazi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka: "Na fundo likikaa pembeni kidogo?"

"Kitambaa chote kinakaa pembeni, mama. Lakini ukikitazama chenyewe, hutaona kosa."

Alikula akamaliza, akashukuru, akaenda kulala. Bi Mwajabu alibaki na sindano mkononi, akatazama dirishani kuelekea kwa jirani yake.

Jirani huyo alikuwa Bi Somoe. Nyumba zao zilikuwa za mwisho kwenye mteremko, ya Mwajabu juu, ya Somoe chini, na chini ya Somoe hapakuwa na mtu ila mto. Kati yao, upande wa Somoe, palikuwa na kisima. Marehemu mume wa Somoe alikichimba kwa jembe na sururu, na maji yake yalikuwa matamu, hayakauki kiangazi. Kila asubuhi Mwajabu alipita uani kwa Somoe na ndoo. "Hodi, jirani." "Karibu, shoga, kwani hapa kwa nani?" Alichota, akasema ahsante, akapanda. Jioni vilevile. Somoe hakumnyima hata siku moja. Hakununa hata siku moja. Ahsante zile zilikuwa nyingi kiasi kwamba ungejenga ukuta kwazo.

*

Siku ya uzinduzi ilifika. Bwana Likwata alikuwa amekwisha kuchomeka kijiti juu kabisa, kando ya ghala la pamba, akamwambia Bi Mwajabu kiti kikae hapo. Bendi ya Wizara ilisimama tayari, ngoma zake zimefunikwa mifuko ya nailoni. Wasaidizi wa Waziri walishika miavuli. Watoto wa shule walikuwa wamevalishwa masweta.

Bi Mwajabu alikibeba kiti. Alikifikisha kwenye kijiti, akakitua. Akasimama kidogo. Halafu akakinyanyua tena, akateremka nacho hadi chini ya mkwaju, akakitua hapo, akanyoosha kitambaa.

Alifanya hivyo ili mgeni asipigwe na jua. Ndivyo alivyosema alipoulizwa na mama mmoja, na ndivyo ilivyoenea.

Mheshimiwa Waziri aliketi. Mtu akishaketi katika nchi ile, hasa mtu wa namna ile, hakuna wa kumwambia asogee. Bwana Likwata alikitazama kijiti chake kule juu, akakitazama kiti chini ya mkwaju, akaifikiria kazi yake, kisha akaenda kimya kimya, akaking'oa kijiti na kukitia mfukoni.

"Wananchi," alisema Waziri, "ardhi hii imekuwapo tangu zamani, lakini haikuwa na mpangilio. Ilikuwa imelala tu. Leo, kwa mara ya kwanza, inaanza. Na inaanza hapa nilipo. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema kwa mujibu wa sheria. Watoto wenu watakapoulizwa kwao ni wapi, watasema: kwetu ni mashariki ya Mheshimiwa."

Watu walipiga makofi. Bendi ilitoa ngoma kwenye mifuko, ikapiga, ikazirudisha haraka.

*

Kama mmeelewa habari ya fundo, mmekwisha kujua kilichotokea. Kiti kilishuka, na kijiji kizima kikashuka nacho, kila kiwanja kwa upana wa ule mwendo wa kutoka ghalani hadi mkwajuni. Nyumba hazikushuka, kwa sababu nyumba hazijui kusoma. Mwalimu Chihota alipoteza choo chake, akapata cha jirani. Msikiti ulibaki na mimbari, ukapoteza mlango. Mtu mmoja aliamka akajikuta anamiliki kitanda cha mkwewe, pamoja na mkwe.

Watu wa Mteremkoni ni wastahimilivu. Walibadilishana funguo, wakaendelea.

Kule juu, kati ya ghala na mkwaju, kilibaki kipande ambacho hakikuelezwa popote. Kwa kuwa hakikuelezwa, hakikuwa cha mtu. Kwa kuwa hakikuwa cha mtu, Waziri aliombwa akitunze, na yeye ndiye aliyejiomba. Akaanza kukitunza kwa kukijengea nyumba ya wageni ya ghorofa.

Bi Mwajabu alipata kisima.

Na Bi Somoe, aliyekuwa wa mwisho, alisomewa maelezo yake hadharani: "Kuanzia jiwe lililo nyuma ya jiko la Bi Somoe, ambalo sasa ni jiko la Bi Mwajabu, kisha mashariki mpaka ukingo wa mto, kisha mashariki tena, ndani ya mto, mpaka jiwe litakalowekwa maji yatakapopungua, kisha kusini, kufuata mkondo, kisha magharibi, kutoka majini, kisha kaskazini mpaka jiwe la kuanzia. Anapakana na Bi Mwajabu na samaki. Ukubwa wake ni ekari moja, zaidi kidogo masika, pungufu kidogo kiangazi."

"Maelezo yamefunga," alisema Bwana Likwata kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake. "Yamerudi yalipoanzia. Hayana kosa."

*

Kesho yake asubuhi ilibishwa hodi kwa Bi Mwajabu. Alikuwa Somoe, ana ndoo.

"Hodi, jirani. Nimekuja kuomba maji."

Mwajabu alihisi kama mtu aliyemezwa na nguo yake mwenyewe. "Somoe, wewe unaomba? Si uchote tu."

"Maji ya mtu huombwa, shoga. Tena nimeona wameweka jiwe." Walipofika kisimani, Somoe aliteremsha kamba, akavuta, akajaza. Alikuwa anajua ni wapi kamba hukwama, na alipofika hapo akaizungusha kwa mkono bila kutazama. "Ahsante sana."

"Usinishukuru."

"Kwa nini nisikushukuru? Wewe ulinishukuru mimi miaka yote hiyo." Alijitwisha ndoo. Alipofika mlango wa ua aligeuka polepole, kichwa kimetulia chini ya maji. "Hivi, Mwajabu, siku ile ya kiti. Lilikuwepo jua?"

Bi Mwajabu alisema maharage yanaungua. Akaingia jikoni. Jikoni hapakuwa na moto.

Toka siku hiyo hakuweza kuyanywa maji ya kisima. Hayakubadilika ladha. Yalikuwa matamu vile vile, na hilo ndilo lililomshinda. Akawa anashuka na ndoo yake mtoni, anapita kwenye ardhi ya Somoe kuchota maji ya Somoe, wakati Somoe anapanda kuchota maji ya kwake. Walikutana njiani, mwenye kisima akitoka mtoni, mwenye mto akitoka kisimani, wakaulizana hali.

"Umebeba nini, shoga?"

"Maji."

"Na mimi."

*

Malalamiko ya Somoe yalifika Wizarani. Serikali ya nchi ile ilikuwa sikivu; ilisikia kila kitu. Ikaundwa Tume, na mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Waziri, kwa kuwa hakuna aliyekijua kiti kwa karibu kuliko yeye.

Tume ilikubali haraka kwamba Waziri hakuweza kuwa amekaa mahali pasipo pake, maana waziri popote akaapo ni pake. Kosa likabaki kwa mto. Mto ukaitwa mahakamani kwa kuingia kiwanja cha mtu bila ruhusa. Tarishi alisimama ukingoni, akausomea hati ya kuitwa shaurini. Siku ya kesi mto haukutokea, wala haukutuma wakili. Ukahukumiwa kuhama, na bango la kuufukuza likachomekwa katikati ya mkondo. Mto ulilichukua bango ukaenda nalo, na Wizara ikatangaza kwamba mto umepokea hukumu.

Tume iliandika pia mambo mawili ambayo hayakuchekesha.

La kwanza: kila mwenye kiwanja ni lazima akae ndani ya maelezo yake. Asiyekutwa ndani wakati wa ukaguzi, kiwanja kinarudi serikalini na yeye anahamishwa kijiji. Nyumba ya Somoe ilikuwa sasa kwenye maelezo ya Mwajabu, kwa hiyo haikuhesabiwa, na ukingo mkavu uliobaki uliandikwa kuwa njia ya wakaguzi. Basi kila wakaguzi walipokuja, Somoe alikunja kanga, akaingia mtoni hadi kiunoni, akafungua mwavuli, akawangoja. Wakaguzi walikaa ukingoni wakamwita jina, akaitika "Nipo," wakaandika yupo. Mmoja alimpongeza kwa kuwa na nyumba yenye hewa.

La pili: maelezo yaliyofunga hayafunguliwi, ila ikithibitika kwamba kiti kilisogezwa na mtu kwa tamaa yake. Hapo Mwanzo utarudi ghalani. Na mtu huyo atafutiwa maelezo ya kiwanja chake mwenyewe, awe hana pa kuanzia wala pa kurudi.

Kwa hiyo Wizara ilifungua Idara ya Kuuliza Nani Alisogeza Kiti. Idara ikawa na mkurugenzi, gari na kalenda ya ukutani. Waliuliza kwa kipaza sauti sokoni, waliuliza shuleni, waliuliza misibani baada ya dua. Mwisho swali likawa kama salamu. Mtu akimkuta mwenzake, "Nani alisogeza kiti?" na mwenzake, "Sijui, habari za nyumbani?"

Bi Mwajabu naye aliitika hivyo. Kila alipoitika, alipeleka kitu kwa Somoe: bakuli la uji, kanga mpya, dawa ya kifua, maana Somoe alianza kukohoa kwa ajili ya yale maji. Na kila alipopeleka, Somoe alisema ahsante.

Alijaribu kuwaza mambo mengine. Aliwaza kuku wake. Kutoka kwa kuku alifika kwenye banda, kutoka bandani kwenye uzio, kutoka kwenye uzio hadi jiwe, kutoka jiweni hadi kwenye jiko la Somoe, na kutoka jikoni moja kwa moja hadi kwenye kiti. Popote alipoanzia, alirudi pale. Na kila alipojisimulia habari ile, jua liliongezeka ukali. Mwanzoni lilikuwa jua la kawaida. Baadaye likawa la kuwaka. Mwisho, katika kumbukumbu yake, mkwaju wenyewe ulikuwa unatoa jasho.

*

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, Waziri alirudi kufunga mipaka. Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: maelezo yanasomwa kwa sauti, kila jirani anasimama kwenye jiwe lake, anaulizwa "Hapa ndipo?" na akijibu "Ndipo," basi. Yamefunga kwa vizazi. Hata malaika akija na ramani, amechelewa.

Somoe alikuja kutoka mtoni moja kwa moja, kwa sababu wakaguzi walikuwa wamepita asubuhi. Kanga yake ilikuwa inachuruzika. Maji yalikuwa yamempanda kifuani safari hii, na mwavuli haukurudi naye.

"Shoga, kaa chini," Mwajabu alimwambia, akamvua kanga ile na kumfunga ya kwake. "Mvua zikianza utafanyaje?"

"Nitasimama."

"Hutaweza kusimama. Utachukuliwa."

"Basi wataandika sipo," alisema Somoe, akakohoa. "Ahsante kwa kanga."

Karani alisoma maelezo ya Somoe, akaingia naye mtoni na kutoka naye, akamrudisha kwenye jiwe nyuma ya jiko. Waziri alikuwa ameketi kwenye kiti kile kile, ameegemea yale maua. Alimgeukia Mwajabu.

"Jirani, hapa ndipo?"

Mwajabu alikuwa amesimama juu ya jiwe. Neno lilikuwa fupi, na alikwisha kulisema kimoyomoyo mara nyingi. Alifungua mdomo, likakataa kutoka.

"Mama anaona haya mbele ya wakubwa," alisema Waziri kwa upole. "Basi kabla hajajibu, tutimize sheria. Kwa mara ya mwisho: nani alisogeza kiti?"

Watu walivuta pumzi ili waseme kwa pamoja "hatujui," kama walivyozoea.

"Mimi," alisema Bi Mwajabu.

Mkurugenzi wa Idara alishtuka kuliko wote, kwa sababu alikuwa na mkopo wa nyumba. Bwana Likwata alitia mkono mfukoni, akashika kitu. Lakini Waziri hakubabaika. Alifikiri kidogo, akaitazama ghorofa yake kule juu, akatabasamu.

"Wananchi, mmeona moyo wa mama? Mimi nilikuwa mgeni wenu. Jua lilikuwa kali. Akanihurumia, akanisogezea kiti kivulini. Hiyo ni tamaa? Hiyo ni heshima. Kwa hiyo aliyesogeza kiti hasa ni jua, na jua halina kiwanja cha kufutiwa. Maelezo yanabaki kama yalivyo. Na huyu mama apewe nishani."

Makofi yalipigwa. Yalikuwa makofi ya kweli, watu walimpenda Mwajabu. Msaidizi alikuwa anakuja na nishani, maana walitembea nazo. Kilichobaki ni yeye kuinamisha kichwa avalishwe, kisha aseme "ndipo," arudi nyumbani kwenye maelezo yake, akapike. Hata kichwa alikwisha kukiinamisha kidogo.

Makofi yalipopungua, Somoe aliuliza. Hakupaza sauti. Aliuliza kama alivyouliza siku ile mlangoni, na maji yalikuwa bado yanamdondoka nyweleni.

"Mwajabu. Lilikuwepo jua?"

Msaidizi alisimama na utepe mkononi. Juu yao wingu lilikuwa zito, na wapiga ngoma walikuwa wanafungua mifuko yao ya nailoni, wanazivika ngoma, kama walivyofanya siku ile.

Bi Mwajabu alishuka kwenye jiwe.

"Halikuwepo, Somoe," alisema. "Kulikuwa na wingu tangu asubuhi. Nilikuwa nimechoka kukwambia ahsante."